Mimba ya wiki 11 na baridi inaingia: nichomwe sindano ya mafua sasa au nisubiri?

*Swali: Assalaam aleykum dada, na shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Coventry na mume wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu. Nina mimba ya wiki 11. Mkunga kaniambia nikachomwe sindano ya mafua, na wiki hiyo hiyo kituo cha daktari wetu kikaleta ujumbe nimpeleke mwanangu apuliziwe chanjo ya mafua puani. Mama mkwe wangu yuko Tanga na amekataa katakata. Anasema jirani yake alichomwa sindano mimba ikatoka, na kwamba yeye kazaa watoto saba bila vitu hivyo. Mume wangu ananiambia uamuzi ni wangu. Tena nimesikia ndani mna zebaki na vitu vya nguruwe. Ni salama? Nisubiri mimba ikomae kidogo?*

Waalaykum salaam, na marahaba mdogo wangu. Hongera kwa mimba.

Jibu langu ni hili: nenda kachomwe, na nenda wiki hii, usingoje mimba ikue. Nakwambia hivyo nikiwa mkunga ninayewapima wajawazito hapa hapa Uingereza. Swali kama lako huniijia kila Oktoba, mara nyingi kutoka kwa wanawake wa kwetu, na mara nyingi kuna mama mkwe upande wa pili wa simu. Lakini sitaki uende kwa kuwa tu mimi nimesema. Hofu ulizozitaja zina majibu, na moja kati ya hizo iliwahi kuwashughulisha hata watafiti wenyewe.

Kwanza ugonjwa. Mtu akiamka Tanga anapiga chafya, pua inamtiririka na koo linamwasha, atakunywa chai ya tangawizi na limau, na siku ya tatu utamkuta sokoni. Hayo siyo ninayoyazungumzia. Homa ya mafua inayoletwa na virusi vya influenza huingia kwa kishindo. Asubuhi umempeleka mtoto chekechea ukiwa mzima, alasiri mwili wote unauma mpaka ndani ya macho, jioni homa imefika 39 na hata kunyanyua kikombe ni kazi. Mtu asiye na mimba hulala nayo kama wiki moja, kisha akainuka. Wajawazito wengi nao hupona. Tatizo ni kwamba kwa mjamzito ikishuka kifuani hushuka upesi, na ikishashuka huwa nzito kumtibu.

Sababu iko mwilini mwenyewe. Mfuko wa uzazi unavyopanda ndivyo unavyoyabana mapafu kutoka chini, na wakati huo huo unahitaji hewa zaidi kuliko ulivyokuwa ukihitaji kabla ya mimba. Moyo nao unasukuma damu nyingi kuliko kawaida. Na kinga ya mwili hujirekebisha ili imvumilie mtoto ambaye nusu yake si yako, hivyo baadhi ya maradhi hupata upenyo.

Nikueleze tunachokiona wodini, ili ujue kwa nini sisi wakunga tunang'ang'ania jambo hili. Mama wa wiki 30 hivi, mwezi wa Januari. Hawezi kulala chali wala ubavu, amekaa kitandani ameinamia mito. Anapumua mara 30 kwa dakika, anasema maneno mawili kisha anavuta pumzi. Kifaa kilichobanwa kidoleni kinaonyesha oksijeni 91, na kwa mjamzito hiyo ni ndogo. Tumboni amefungwa mkanda wa kusikiliza moyo wa mtoto, na moyo huo unakwenda mbio kwa sababu ya homa ya mama. Madaktari wawili wamesimama pembeni, wa uzazi na wa wagonjwa mahututi, wanajadiliana kama mtoto atolewe mapema ili mama apate kupumua. Mara nyingi mambo huisha vizuri. Mara nyingine mtoto huzaliwa njiti, au hufia tumboni.

Na wapo akina mama waliokufa. Mwaka 2009 ilipozuka ile iliyoitwa homa ya mafua ya nguruwe, Marekani ilihesabu vifo vyake. Wajawazito walikuwa kama asilimia 1 tu ya watu wote, lakini walifikia kama asilimia 5 ya waliokufa. Hapa Uingereza, wataalamu wanaochunguza kila kifo cha mama mjamzito au aliyetoka kujifungua walipitia miaka ya 2009 hadi 2012. Wakakuta kwamba mmoja kati ya kila 11 aliuawa na mafua, na kwamba zaidi ya nusu ya vifo hivyo vya mafua vingeweza kuzuiliwa na sindano. Miaka ile ilikuwa mibaya kuliko kawaida, hilo lazima niliseme. Lakini hakuna anayejua mwaka mbaya mwingine utakuja lini.

Sasa tarehe zako. Umeniandikia katikati ya Oktoba ukiwa na wiki 11, kwa hiyo unatarajia mapema Mei. Mafua hapa hupamba moto kati ya Desemba na Machi. Hesabu mwenyewe: katikati ya Desemba utakuwa karibu wiki ya 20, na Machi utakuwa umeshapita wiki ya 30. Yaani kipindi chote kibaya kitakupitia ukiwa na tumbo, tena tumbo kubwa.

Hapa ndipo jibu langu kwako linapotofautiana na ninalompa mama anayetarajia Desemba au Januari. Yule namwambia hivi: sindano hii nusu yako, nusu ya mtoto. Mtoto hachanjwi mafua kabla ya kutimiza miezi sita, na chanjo hii ikishaingia mwilini mwako unatengeneza kingamwili zinazovuka kondo la nyuma na kumfikia, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Akizaliwa katikati ya baridi anazaliwa nazo. Wako atazaliwa Mei, mafua yamekwisha, na kufika baridi ijayo kinga aliyoipata kwako itakuwa imefifia. Kwa hiyo sitakupamba maneno kwamba unamchanjia mtoto atakayezaliwa. Mimba hii, mwaka huu, unajichanjia wewe, na mtoto anafaidika kwa kuwa yumo tumboni mwa mama ambaye hakulazwa.

Ndiyo maana kusubiri hakukufai. Sindano huchukua kama wiki mbili mpaka kinga isimame. Ukingoja mpaka wiki ya 20 ili "mimba ikomae", utachomwa Desemba wakati wenzio chekechea na kwenye basi wameshaanza kukohoa. Zamani mashirika ya afya yalikuwa yakishauri kuanzia miezi mitatu ya kati. Marekani iliondoa kikomo hicho mwaka 2004, na hapa Uingereza pia hutolewa katika wiki yoyote ya mimba. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, liliwataja wajawazito kuwa wa kwanza kabisa kufikiriwa na nchi yoyote inayotaka kuanzisha au kupanua chanjo ya mafua.

Tuje kwa jirani wa mama mkwe. Mimi simwiti mtu mwongo. Inawezekana kabisa alichomwa sindano na mimba ikatoka. Kati ya mimba zinazojulikana, karibu moja katika kila nane hutoka, na nyingi hutoka katika wiki hizi hizi za mwanzo. Ukiwachoma sindano wanawake mia moja walio na wiki saba au nane, wapo ambao mimba zitatoka mwezi huo, na ungewapa maji ya kunywa tu zingetoka vile vile. Mwenye uchungu hutafuta kilichotokea kabla, na sindano inakumbukwa kuliko chai aliyokunywa siku hiyo.

Swali la haki ni je, kwa waliochomwa zinatoka zaidi kuliko kwa wasiochomwa? Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitangaza jambo lililotushtua. Katika misimu miwili, 2010–11 na 2011–12, wanawake waliochomwa na ambao msimu uliotangulia pia walipata chanjo yenye kirusi cha 2009, walionekana kupoteza mimba zaidi ndani ya siku 28. Idadi yao ilikuwa ndogo, na watafiti wenyewe walisema hawajathibitisha kwamba sindano ndiyo sababu. Hawakulifukia jambo hilo. Walirudia uchunguzi kwa misimu mitatu iliyofuata, na wanawake wengi zaidi, na mwaka 2019 wakatoa majibu: hakuna uhusiano, hata kwa waliochomwa miaka miwili mfululizo. Nakueleza haya kwa sababu ile habari ya 2017 ingali inazunguka kwenye simu za watu, na ile ya 2019 haizunguki.

Tena sindano unayopewa wewe haina kirusi kilicho hai. Kimeuawa na kuvunjwavunjwa, hakiwezi kukupa mafua wala kumfikia mtoto. Utakachokiona ni mkono kuuma, pengine uchovu na homa ndogo siku moja au mbili. Meza paracetamol. Ibuprofen achana nayo ukiwa na mimba, labda daktari akuandikie mwenyewe. Na usije ukaniambia baadaye "nilichomwa nikaugua": Oktoba na Novemba virusi vya mafua madogo viko kila mahali, na sindano hii haivigusi.

Kwamba inakinga kiasi gani, nitakwambia bila kupunja wala kuongeza. Kila Februari Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu wachague virusi vya kuwekwa kwenye chanjo ya baridi inayofuata huku kaskazini. Miaka mingine hulenga sawasawa, miaka mingine virusi hubadilika njiani. Wakilenga vizuri, sindano hupunguza mafua ya kumpeleka mtu kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Kwa wajawazito hasa, utafiti uliojumuisha Marekani, Kanada, Australia na Israel kati ya 2010 na 2016 ulikuta uwezekano wa kulazwa kwa mafua umepungua kwa wastani wa asilimia 40. Kwa hiyo unaweza kuchomwa na bado ukaugua. Kwangu mimi, kupunguza uwezekano wa kulazwa kiasi hicho kwa sindano moja ya bure ni jambo kubwa. Wewe unaweza kuipima vingine, ni haki yako.

Kama mtu nyumbani atasema hizo ni tafiti za Wazungu, basi zipo za kwetu na za nchi zinazofanana na kwetu. Soweto, Afrika Kusini, wajawazito waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa chanjo na hawa sindano isiyo na dawa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha mafua yamepungua kwa karibu nusu kwa akina mama, na kwa karibu nusu kwa watoto wao pia, miongoni mwa wasio na virusi vya Ukimwi. Kwa akina mama wenye virusi vya Ukimwi nao kinga ilionekana. Bangladesh na Mali walifanya majaribio ya namna hiyo. Mali mafua kwa wachanga yalipungua kwa theluthi moja katika miezi sita, na kinga ilikuwa na nguvu zaidi miezi minne ya mwanzo.

Zebaki. Kuna kihifadhi kinachoitwa thiomersali, chenye aina ya zebaki inayotoka mwilini haraka, ambacho huwekwa kwenye chupa za chanjo zinazochoma watu wengi ili wadudu wasiingie kila zinapotobolewa. Sindano za mafua za hapa huja zimeshajazwa dozi moja ya mtu mmoja, na hazina kihifadhi hicho. Hivyo hata anayekihofia, hakimhusu.

Nguruwe ni suala jingine, na hapo aliyekwambia hakukosea kabisa, ila amechanganya. Gelatini ya nguruwe imo kwenye ile dawa ya kupuliza puani wanayopewa watoto. Sindano yako haina. Kwa mwanao una njia mbili. Ukiwaambia kituoni kwamba kwa ajili ya dini hutaki yenye gelatini, watampa ya sindano isiyokuwa nayo, na wala hutakiwi kujieleza sana. Wapo pia Waislamu wanaokubali ya puani, kwa kufuata wanazuoni waliosema kwamba kitu kikishabadilika asili yake hukumu yake hubadilika. Mimi si mtu wa fatwa. Muulize sheikh unayemwamini, lakini muulize mapema, msimu haungoji.

Kuna jambo hukuliuliza nami nalitaja: ile ya puani ina virusi vilivyo hai ambavyo vimedhoofishwa. Kwa hiyo wewe mjamzito hupewi hiyo. Lakini mwanao akipuliziwa, huna haja ya kumkimbia wala kulala chumba kingine. Mbebe, mlishe, mfute makamasi na unawe mikono kama kawaida. Kumchanja yeye ni faida kwako, maana watoto wa umri wake ndio wanaoyaleta mafua nyumbani.

Mama mkwe. Usibishane naye kwa takwimu, hutashinda, na si adabu. Muulize taratibu kama alipokuwa akienda kliniki na mimba zake hakuchomwa sindano ya pepopunda. Sitashangaa akisema alichomwa, tena zaidi ya mara moja, na kadi ilipigwa muhuri. Sindano ile alichomwa mama ili kichanga kisife kwa pepopunda baada ya kukatwa kitovu, na kinga hupita njia ile ile ya kondo la nyuma ninayokueleza mimi. Kwa hiyo kuchanja mjamzito kwetu si mambo mapya, jipya ni hili la mafua tu. Nalo halimo katika ratiba ya kawaida ya kliniki za wajawazito za serikali, Tanzania wala Kenya. Hupatikana zaidi hospitali binafsi za miji mikubwa kwa kulipia. Ndiyo maana yeye hajaliona, na anapolisikia linamtisha. Na uvumi kuhusu sindano za wajawazito nao si mgeni: mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki Kenya walidai chanjo ya pepopunda imetiwa kitu cha kuzuia uzazi, na serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Mwenye kusikia habari kama hizo akamhofia mkamwana wake, mimi naona anampenda.

Wapo wasiofaa kuchomwa. Aliyewahi kupata mzio mkali wa kuvimba koo na kukosa pumzi baada ya chanjo ya mafua hachomwi mpaka daktari bingwa aseme. Aliyewahi kupooza kwa ugonjwa wa Guillain-Barré aseme kabla ya kuchomwa. Mwenye homa kali siku hiyo hungoja ishuke, lakini kamafua kadogo si kizuizi. Mzio wa mayai siku hizi si tatizo kubwa, maana zipo chanjo zisizotengenezwa kwa mayai kabisa. Wewe sema tu.

Kuipata ni rahisi. Inatolewa kwa daktari wako, katika baadhi ya kliniki za wakunga, na kwenye maduka mengi ya dawa, bure kwa mjamzito. Duka la dawa lina chumba kidogo cha pembeni chenye mlango, na ukiomba akuchome mwanamke watakupangia akiwepo. Vaa mkono mpana unaopanda mpaka begani, maana wengine huja na baibui la mikono ya kubana tukaanza kuhangaika. Chagua mkono ambao huulalii, kwa kuwa usiku ndipo unapouma. Waambie una wiki ngapi, na uombe taarifa zifike kwa mkunga wako. Kisha kumbuka mbili zinazofuata, ambazo kwa mtoto wako wa Mei zina uzito kuliko hii: ya kifaduro kuanzia wiki ya 16, na ya RSV, virusi vinavyoshambulia mapafu ya wachanga, kuanzia wiki ya 28, ambayo kwako itaangukia Februari. Hizo hasa ndizo za kumkinga mtoto akishazaliwa.

Ukichomwa au usichomwe, ukishikwa na homa ya ghafla na mwili kuuma msimu huu, usilale nayo ukingoja ipite. Piga simu kwa daktari au 111, namba ya ushauri wa afya, siku hiyo hiyo, useme neno la kwanza kabisa kwamba una mimba. Kuna dawa ya kupunguza makali ya virusi, oseltamivir, ambayo wajawazito hupewa, na hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48. Pumzi zikiwa fupi, kifua kikibana, midomo ikibadilika rangi, hiyo ni 999, namba ya dharura. Na ukishafika wiki za kumsikia mtoto akicheza, ukiona amepunguza, piga namba ya wodi ya uzazi iliyoko kwenye kadi yako, hata kama ni saa nane za usiku. Kuna mkunga anayepokea.